Sababu na Muumba wa Sababu: Maneno Niliyoyasema Suneka

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeviumba viumbe kwa kadiri na mpango, kisha akampa binadamu akili ya kuutambua mpango huo. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na aali zake, na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu wa darsa wamenitaka niyaandike maneno niliyoyasema Suneka, katika nchi ya Kisii, nilipoalikwa na Waislamu wachache wafanyao biashara katika mji ule. Nimekawia kuyaandika, kwani sehemu yake kubwa yatuhusu sisi watu wa Pwani kuliko wale niliokuwa nikiwaambia, na mtu hapendi kuifunua aibu ya nyumbani kwake. Lakini aibu ifichwayo haiondoki, basi nayaandika.

Suneka ni mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Kisii mjini kwenda Rongo na Migori. Pana kiwanja cha ndege, pana soko lenye ndizi za kila namna, na pande zote ni vilima vya kijani. Ukishika njia ya Tabaka utafika penye machimbo ya lile jiwe laini lichongwalo vinyago na vyombo, ambalo nasi twaliona likiuzwa katika maduka ya watalii huku Mombasa. Mtu wa Pwani afikapo huko hutafuta sweta kabla ya kutafuta chakula. Na alasiri ikiingia mvua huja, na radi huja pamoja nayo.

Wiki chache kabla ya kufika kwangu radi ilipiga mti, ikamwua mtoto aliyejikinga chini yake pamoja na ng'ombe wawili. Usiku wa kwanza, baada ya sala ya Isha, tulikuwa tumeketi barazani kwa mwenyeji wangu. Mtu mmoja, naye ni mtu wa sala, akaniinamia akasema kwa sauti ndogo kuwa radi ile ilikuwa na mwenyewe. Nikamwuliza, "Mwenyewe nani, ghairi ya Mwenyezi Mungu?" Akanitajia mjane mmoja mzee aishiye juu ya barabara. Nikamwuliza amejuaje. Akasema mganga amepiga ramli, na ramli imemtoa huyo.

Asubuhi yake nilionyeshwa tangazo la mganga yule. Limepigiliwa misumari katika mlingoti wa umeme, nalo lasema kuwa ni mganga kutoka Pwani, bingwa wa kurudisha mali iliyopotea na kumfichua adui. Nikaambiwa kuwa huvaa kanzu na kofia ya viua, na kwamba ramli yake huisoma kwa maneno ya Kiarabu. Nilisimama mbele ya ule mlingoti na kofia yangu kichwani, na wapitao njia wakinitazama, na sijui walinidhania nini.

Sasa msomaji asiyeijua nchi ile aweza kusema kuwa hayo ni maneno ya barazani tu. La. Mwezi wa Mei 2008, katika vijiji vya Kisii, watu 11 waliotuhumiwa uchawi walichomwa moto hata wakafa, na wengi wao ni vikongwe wasioweza kukimbia. Mwezi wa Oktoba 2021, upande wa Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma ya kumroga kijana wa shule. Kwa hiyo jina la mjane likisemwa barazani Suneka, anayelisikia ajua laweza kuishia wapi.

Wala asiwacheke mtu wa Pwani. Kilifi ni kwetu, na huko wazee wamekuwa wakikatwa mapanga kwa tuhuma hiyo hiyo mwaka baada ya mwaka, hata katika upande wa Ganze, pahala paitwapo Kaya Godoma, pakawekwa makimbilio ya wazee waliofukuzwa na watoto wao wa kuwazaa. Mvi, ambazo Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tuziheshimu, zimekuwa huko ni dalili ya hatia!

Usiku wa pili ndio tuliofanya darsa. Alikuwapo kijana mmoja mwalimu wa sekondari, Mwislamu, msomaji sana. Akauliza suali ambalo naliona ndilo mzizi wa jambo lote. Akasema, "Sheikh, nilipokuwa chuo kikuu nalisoma khabari za mwanafalsafa wa Uholanzi, Spinoza, aliyesema kuwa Mungu na maumbile ni kitu kimoja, na kwamba kila litokealo lina sababu yake katika maumbile. Nikirudi nyumbani nasikia kuwa kila litokealo ni kwa amri ya Mungu, na asemaye sababu ni mpungufu wa imani. Nishike lipi?"

Wengine walikunja nyuso, wakadhani ameleta kufuru msikitini. Mimi nalifurahi, kwani mwenye kuuliza atafuta, na anyamazaye huenda amekwisha ondoka moyoni.

Spinoza huyu alizaliwa Amsterdam mwaka 1632 katika jamaa ya Mayahudi, na mwaka 1656 watu wa sinagogi lake wakamtenga kwa sababu ya rai zake. Akaishi kwa kusugua vioo vya miwani na darubini, akafa 1677, na kitabu chake kikubwa kikapigwa chapa baada ya kufa kwake. Nilimwambia mwalimu kuwa katika neno lake la kwanza hatumfuati. Aliyeingia katika karakana ya Tabaka akaona bakuli la jiwe, na alama za kisu zi juu yake, hasemi kuwa bakuli ndilo fundi. Maumbile ni kazi, na kazi ina mtendaji; na mtendaji huyo si sehemu ya kazi yake. Hii ndiyo tauhidi, na hapa hatusogei hata shibri moja.

Lakini analo neno jingine ambalo lilinichoma nilipolisoma mara ya kwanza, nikaona kuwa amenena kweli juu ya namna fulani ya watu. Alitoa mfano wa jiwe lililoanguka kutoka darini likamwua mpita njia. Watu watauliza: kwa nini lilianguka? Kwa upepo. Kwa nini upepo ulivuma saa ile? Kwa nini yeye alipita saa ile? Nao hawaachi kuuliza mpaka wachoke, kisha hukimbilia kusema kuwa ni matakwa ya Mungu, si kwa kumtukuza Mungu, bali kwa kuuficha ujinga wao. Nikawaambia wale wenzangu: lau tungekuwa twakomea hapo, ingekuwa nafuu! Sisi hatukomei kwenye matakwa ya Mungu. Sisi twaendelea mpaka mlangoni kwa kikongwe.

Tusidhani, hata hivyo, kuwa elimu hii ni ya Uholanzi. Miaka kama 500 kabla ya kitabu cha Spinoza alikuwako Andalusi tabibu wa Kiislamu, Ibn Tufayl, aliyefariki 1185. Yeye alitunga kisa cha Hayy bin Yaqdhan, na kisa hicho kikageuzwa kwa Kilatini kikapigwa chapa Oxford mwaka 1671, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiholanzi, katika nchi ile ile na siku zile zile za Spinoza. Basi mwalimu wetu alikwenda mbali kutafuta mali ambayo sehemu yake ilitoka nyumbani.

Hayy ni mtoto aliyekulia peke yake kisiwani, akinyonyeshwa na paa. Hana mwalimu, hana kitabu, hana jirani. Siku moja yule paa mama yake akafa. Mtoto akamwita, asiitike. Akamtazama macho, masikio, miguu, asione jeraha. Hapa naomba msomaji asimame kidogo amwangalie mtoto huyu. Amefiwa na mama, na mama ndiye kiumbe wa pekee aliyempenda duniani. Uchungu wake ni ule ule wa mzazi wa Suneka ambaye mwanawe alipigwa na radi. Lakini Hayy hakuwa na jirani wa kumsingizia. Hakubakiwa na jambo ila kutafuta sababu. Akampasua kifua kwa jiwe kali, akauona moyo, akaona chumba kimoja cha moyo ni kitupu, akajua kuwa kilichokuwa kikimhuisha kimekwisha ondoka, na kwamba alichokipenda hakikuwa kile kiwiliwili kilicholala chini.

Kutoka hapo akaanza kutazama moto, mimea, wanyama, kisha nyota, akitafuta sababu ya kila kitu na sababu ya sababu, hata akili ikamfikisha kwa Mmoja asiye na sababu juu yake. Na alipomjua, mambo hayakuishia kichwani. Akaona kuwa imempasa kuishi kama ajuaye. Akawa hali ila cha kumtosha, na alapo tunda huihifadhi mbegu. Akiuona mmea umezibwa jua huuondolea kizuizi. Akimwona mnyama amenaswa humnasua. Kutafuta sababu, kumjua Mungu, na kukihurumia kiumbe, kwa Hayy ni safari moja. Sijaona hoja iliyo wazi kuliko hii ya kuwa akili haimtoi mtu katika wema.

Yule mtu wa sala aliyenitajia mjane akasimama akasema, "Sheikh, lakini Imamu Ghazali amewajibu wanafalsafa, akakanusha kuwa moto ndio uunguzao." Nikamshukuru, kwani amesoma, au amesikia kwa aliyesoma. Ni kweli kuwa Hujjatul-Islamu Ghazali, aliyefariki 1111, alisema kuwa pamba inapokutana na moto, mwenye kuiunguza kwa hakika ni Mwenyezi Mungu, na kwamba hiyo ni ada aliyoipitisha. Kadhi Ibn Rushd, aliyefariki 1198, ambaye kitabu chake cha Bidaya kimepita mikononi mwa wanafunzi wengi wa fikihi, alimrudi kuwa anayezikanusha sababu ameikanusha akili yenyewe. Nami niliyesomeshwa katika njia ya Ash'ari sikwenda Suneka kuhukumu baina ya wakubwa wawili. Lakini nilimwuliza ndugu yangu: je, Ghazali alipata kuweka pamba yake motoni akitumai haitaungua? Ada ya Mwenyezi Mungu, kwa Ghazali, ni ya kutegemewa. Na Qur'ani imetufunza kuwa mwendo aliouweka hauna mageuzi. Isitoshe, mwanzoni mwa kitabu kile kile alichowajibu wanafalsafa, Ghazali amewataja wenye kuzipinga hesabu za kupatwa kwa jua wakidhani wanaitetea dini, akasema kuwa hao wameikosea dini. Mwenye kumtumia Ghazali kuitetea ramli hakumsoma Ghazali.

Na juu ya Ghazali yupo Mtume mwenyewe (s.a.w.). Mwaka wa 10 wa Hijra alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahimu, na siku ile jua likapatwa. Watu wakasema kuwa jua limepatwa kwa mauti ya mtoto wa Mtume. Ni nafasi iliyoje kwa mtu mwongo! Angenyamaza tu, na kila mtu angeamini. Naye, machozi hayajamkauka, akasimama akawafahamisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya Ibrahimu, vipi radi itumwe Suneka kwa ajili ya ugomvi wa mjane na jirani?

Nikawaeleza radi ni nini, kwa kadiri ya nilivyojifunza. Hewa yenye unyevu hutoka Ziwa Viktoria, ikapanda vilima vya Kisii, na ikipanda hupoa, ikafanya mawingu marefu. Ndani ya wingu vipande vidogo vya barafu hugongana na kusuguana, nguvu za umeme zikajitenga, hata zikawa nyingi zisizoweza kuzuilika, zikaruka. Ndiyo maana nchi ile hupigwa radi kuliko pande nyingi za Kenya: ina ziwa jirani, na ina vilima. Radi hupenda kilichoinuka, kwa hiyo mti mrefu ulio peke yake si kinga bali ni mtego. Na ng'ombe hufa hata asipoguswa, kwani umeme hupita ardhini ukampanda mguu wa mbele ukatokea wa nyuma. Tangu majaribio ya Benjamin Franklin wa Marekani, mwaka 1752 na yaliyofuata, watu wamejua kuisimamisha fimbo ya chuma juu ya jengo na kuishusha waya mpaka ardhini, radi ikapita humo bila ya kudhuru. Ikiwa ni mchawi aipelekaye, mbona huitii fimbo ya chuma? Mwalimu akasema shuleni kwao haipo. Nikawauliza wale wafanya biashara: fedha alizolipwa mganga na watu wa mji huu zingenunua fimbo ngapi? Hapana aliyejibu.

Kuna shubha moja sikuipita. Akauliza mzee mmoja, "Je, wakanusha uchawi, nao umetajwa katika Qur'ani?" Sikanushi kilichotajwa. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika hakika yake: Muutazila, na pamoja nao Abu Bakr al-Jassas katika Mahanafi, wamesema ni hila na kiini macho, walio wengi wamesema unayo hakika. Chukua kauli uitakayo. Hata ukichukua ya pili, bado yakulazimu kumthibitishia hatia mtu uliyemtaja, na sheria yetu yamtaka mdai alete ushahidi, na mkanushaji aape. Ramli si ushahidi. Ndoto si ushahidi. Maneno ya mgonjwa mwenye homa si ushahidi. Kadhi yupi amkataye mtu kidole kwa ramli, sembuse roho? Na Mtume (s.a.w.) amekhofisha kuwa mwenye kumwendea mpiga ramli akamwuliza, sala yake ya siku 40 haikubaliwi. Serikali nayo, katika Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, ilikwisha lifanya kosa tendo la kumsingizia mtu uchawi.

Na ukitafuta sababu, itafute mpaka mwisho. Niliuliza kwa upole mjane yule ana nini. Nikaambiwa hana kitu; ana kipande cha shamba tu, kilicho juu ya barabara. Nchi ile watu ni wengi na ardhi ni finyu, na kipande kilicho barabarani ni mali. Niliposikia hivyo nikanyamaza. Watu wa Kilifi wananifahamu, kwani na huko ukichunguza chini ya tuhuma za uchawi, mara nyingi utakuta mirathi.

Sasa nageukia kwetu. Waganga hawa wavaao kanzu zetu na kusoma herufi za Kitabu chetu hawakuota mwituni. Wamesoma vyuoni mwetu, wakaacha kabla ya kufahamu. Hapa mjini twawajua kwa majina. Twawaalika maulidini, twawapisha safu ya mbele, na wakirudi bara na fedha twawapokea michango ya msikiti bila ya kuuliza imetoka wapi. Wengine wetu twawaendea usiku. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, alitumia kalamu yake kutuonya na khurafa, nasi twajisifu kuwa ni wanafunzi wake. Basi nasema wazi, na atakaye kukasirika akasirike: mchango wa mpiga ramli urudishwe. Na mzee wa msikiti aogopaye kuurudisha na aniite mimi, nitaurudisha kwa mkono wangu.

Asubuhi ya siku ya kuondoka nilimwomba mwalimu anipeleke kwa yule mjane. Tukapiga hodi. Alikuwa mtu mdogo wa mwili, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, naye alitutazama kwa muda mrefu kabla ya kutufungulia, khasa alipoiona kofia yangu. Mwalimu akasema naye kwa Kikisii. Akatupa vigoda. Nikaomba tuketi nje, mbele ya mlango, panapoonekana na barabarani, akafahamu kwa nini, akatuletea ndizi mbivu na chai. Watu walipita, wakatusalimu, wakageuka kututazama. Tulikaa mpaka karibu na adhuhuri.

Nilipoinuka kuaga nikamwambia, kwa ulimi wa mwalimu, "Mama, tumewaambia watu kuwa radi haitumwi na mtu." Akaitikia kwa kichwa. Kisha akatazama upande wa ziwa, ambako mawingu yalikuwa yameanza kusimama, akauliza, "Na ikipiga usiku huu, nyinyi mtakuwa hapa?"

Mwalimu akasema yeye atalala pale. Mimi nalikuwa nimekwisha kata tikiti ya basi.